Okidi Ndogo ya Nguzo Nyekundu: Kuitambua Bila Kubahatisha na Kuikuza Ikachanua

Mabibi na mabwana, wakulima wa maua na wapenzi wa okidi, asanteni kwa kufika. Nimepewa muda wa kuzungumzia mmea mmoja, nami nitabaki kwenye huo mmoja: Aerangis luteoalba var. rhodosticta. Katika orodha za wauzaji mtaikuta pia kwa jina la zamani, Aerangis rhodosticta. Ni okidi ileile. Fritz Kraenzlin, mtaalamu wa okidi wa Ujerumani, ndiye aliyeieleza kisayansi mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1979 Joyce Stewart akaiweka kuwa aina mojawapo (ndiyo maana ya var.) ndani ya spishi Aerangis luteoalba. Kwa hiyo anayejisifu kwamba anazo zote mbili, ana mimea miwili ya aina moja.

Okidi hii ni ndogo; mche uliokomaa unaenea kiganjani. Inaota toka Kameruni hadi Ethiopia, ikashuka Uganda, Kenya na Tanzania, hasa kwenye misitu ya kando ya mito katika nyanda za kati na za juu. Haikai kwenye shina kubwa la mti kama ndugu zake wengi. Inapenda vitawi vyembamba vya vichaka na miti midogo, chini chini, kivulini, karibu na maji.

Kitawi hicho kitazameni vizuri. Hakina udongo, hakishiki maji, na upepo unakizunguka pande zote. Mvua ikinyesha, mizizi inalowa papo hapo. Ikikatika, mizizi inakauka ndani ya saa chache. Lakini hewa ya kando ya mto haikauki. Mizizi inayokauka upesi, ndani ya hewa yenye unyevu: mkulima akishika nusu moja ya maneno haya na kuiacha nyingine, mmea unakufa. Anayeupanda kwenye chungu chenye kuvumwani tele, ile mimea midogo laini ya kijani inayotambaa kwenye mawe na magogo, ameleta unyevu akasahau kukauka. Anayeutundika kwenye kibaraza chenye upepo mkavu ameleta kukauka akasahau unyevu.

Tuanze na kuitambua, kwa sababu matunzo ya okidi nyingine yanaweza kuiua hii.

Mkiwa na ua mkononi, chukueni rula yenye milimita, kipande cha uzi na lenzi ya kukuza mara kumi. Angalieni kwanza katikati ya ua. Pana kinundu kifupi, mahali ambapo sehemu ya kiume na ya kike zimeungana kuwa kitu kimoja. Hiyo ndiyo nguzo ya ua. Kwenye okidi hii nguzo ni nyekundu ya kuwaka, pengine ikielekea rangi ya chungwa, nalo ua lililobaki ni jeupe au la krimu. Hii ndiyo alama ya haraka kuliko zote. Ndugu yake wa karibu kabisa, Aerangis luteoalba var. luteoalba wa Kongo na Uganda, ana umbo hilohilo ila nguzo yake haina wekundu huo.

Msiishie kwenye rangi. Geuzeni ua, mtafute mrija wa nekta (maji matamu ya ua) unaoning'inia nyuma ya mdomo wa ua, ile petali ya tatu iliyo tofauti na nyingine. Ulazeni uzi juu ya mrija kuanzia kinywa chake hadi ncha, mkifuata kila mpindo, kisha mpime uzi kwenye rula. Mtapata takriban sm 2.5 hadi 4, yaani unakaribiana na upana wa ua lenyewe, ambao ni sm 2 hadi 4. Kipimo hiki kinaondoa mabishano mengi. Aerangis kotschyana, A. brachycarpa na A. thomsonii ni mimea mikubwa zaidi na mirija yao inapita sm 10. A. kirkii ya ukanda wa chini ina mrija wa sm 6 au zaidi. A. hologlottis ni ndogo kwelikweli na mrija wake haufiki sm 1. A. ugandensis ndiyo inayoweza kuwachanganya kwa kipimo, maana mrija wake ni mfupi pia, lakini ua lake ni jeupe tupu na shina lake hurefuka, wakati shina la okidi yetu linabaki fupi sana.

Na mkikuta nguzo nyekundu pamoja na mrija wa sm 6 au 7? Hapo shukuni kwamba ni chotara. Wazalishaji wamekuwa wakiivusha okidi hii na Aerangis nyingine, na mtoto huchukua urefu wa mrija ulio kati ya wazazi. Chotara si mmea mbaya, tatizo ni lebo inayouita spishi.

Shada nalo lina ushahidi wake. Linatoka chini ya majani, linapinda na kuning'inia, na mmea wenye nguvu unaweza kubeba maua hadi 25 kwenye shada lisilozidi sm 35. Maua yamepangwa safu mbili, yamelala bapa, yote yanatazama upande mmoja. Petali mbili za pembeni ni pana kuliko sepali (zile tatu za nje zilizofunika tumba), kitu ambacho picha nyingi hazikionyeshi kwa sababu mpiga picha ameinamia ile nguzo.

Majani ni membamba, ya kijani iliyokolea, marefu hadi sm 15 na mapana mm 6 hadi 15. Ncha ya jani ina pande mbili zisizolingana, moja imetangulia nyingine kidogo. Chini, kila jani limejisokota ili yote yalale kwenye bapa moja. Sifa hizi za majani peke yake hazitoshi kutoa jina. Okidi za makundi ya Rhipidoglossum na Mystacidium, pamoja na Aerangis nyingine changa, zina majani yanayofanana nayo mno. Mmea usio na ua andikeni "Aerangis?" na alama ya kuuliza ibaki hapo mpaka uchanue. Mkituma picha kwa mtu awasaidie, zipigwe nne: ua kutoka mbele, ua kutoka ubavuni mrija ukionekana wote, ncha ya jani, na mmea mzima rula ikiwa pembeni. Picha ya mbele peke yake haimsaidii mtu.

Mnaponunua, angalieni mizizi kabla ya majani. Mmea uliokuzwa kitaluni una mizizi iliyotambaa bila kukatika na majani yanayolingana kwa ukubwa. Uliobanduliwa msituni una mizizi iliyokatwa upande mmoja, majani ya chini yenye makovu na vikoga, na mara nyingi gome la kitawi bado limeng'ang'ania kwenye mzizi. Mbali na suala la sheria, ambalo nitalifikia, mmea wa namna hiyo unakuja nusu mfu. Okidi hii haina kiazi wala shina nene la kuhifadhi maji. Akiba yake iko kwenye mizizi na majani membamba, basi. Ukikata mizizi umekata akiba.

Sasa tuupandishe kwenye kitawi. Chungu kinawezekana kwa mkulima mwenye mkono mzuri wa maji, ila sikipendekezi kwa anayeanza.

Tafuteni kipande cha mti mgumu chenye gome la kukwaruza lisilobanduka, kipenyo sm 2 hadi 3, urefu sm 15 hadi 20. Gome la koki linafaa pia. Epukeni mbao zenye utomvu wa kunata na mbao zilizotiwa dawa ya mchwa au rangi. Kisha subirini. Msifunge mmea mpaka muone ncha mpya za mizizi, zile za kijani au wekundu kidogo, zimechomoza mm 2 au 3. Mizizi ya zamani haishiki tena kitawi kipya, inayoshika ni hii mipya tu. Ukiufunga mmea wakati mizizi imelala, utaning'inia kwa uzi miezi kadhaa huku ukisinyaa.

Ncha zikionekana, lowekeni mizizi kwenye maji safi dakika 15 hadi 20 ili ilainike isivunjike. Wekeni kuvumwani ya kawaida au ile iitwayo sfagnamu kidogo sana juu ya kitawi, kiasi cha kufunika ukucha wa kidole gumba, tandazeni mizizi juu yake, mfunge kwa uzi wa nailoni wa kuvulia, wa mm 0.2 hadi 0.3. Mizunguko mitatu inatosha. Uzi upite juu ya mizizi na chini ya shina, usipite kwenye ncha zinazokua. Kuvumwani isiguse moyo wa mmea, pale majani mapya yanapotokea.

Mwelekeo ndio unaopuuzwa. Watu wengi wanaufunga mmea umesimama wima kama mchicha kwenye tuta, moyo ukitazama juu. Maji yanajaa katikati ya majani, yanalala usiku mzima, na baada ya wiki moyo umekuwa mweusi na jani la katikati linang'oka ukilivuta. Ufungeni ukiwa umelala ubavu au umeinama, ncha za majani zikitazama chini, maji yateremke yenyewe. Baada ya kufunga, uwekwe kivulini kwenye unyevu wa hewa wa karibu asilimia 80 kwa wiki 4 hadi 6. Uzi ukatwe pale mizizi mipya imeshika, si kabla.

Maji yanahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndiyo yanayoua.

Mzizi wa okidi hii umevikwa ngozi nyeupe yenye vitundu, inayonyonya maji kama sponji. Ukiwa mkavu una rangi ya fedha. Ukilowa unageuka kijani mbele ya macho yenu. Hicho ndicho kipimo chenu. Mwagilieni asubuhi mpaka mizizi yote iwe kijani, kisha mrudi kuitazama baada ya saa tatu au nne. Ikiwa imerudi kuwa ya fedha, mambo ni sawa. Ikiwa imekauka ndani ya nusu saa, hewa ni kavu mno: ongezeni unyevu wa hewa, au kuvumwani kidogo, au mmwagilie mara mbili, asubuhi na saa sita. Ikiwa jua linazama na mizizi bado ni ya kijani, kuvumwani ni nyingi au hewa haitembei. Punguzeni kuvumwani kwanza kabla ya kupunguza maji. Usiku mizizi na moyo wa mmea viwe vimekauka.

Maji ya mvua ndiyo bora. Maji ya bomba au ya kisima yenye chumvi na chokaa yanaacha utando mweupe kwenye mizizi, na ncha zinageuka kahawia kisha nyeusi. Mwenye kipimo cha chumvi asivuke miligramu 150 hadi 200 kwa lita. Mbolea ni hivyohivyo, kidogo. Gramu robo ya mbolea ya 20-20-20 (asilimia 20 yake ni nitrojeni) katika lita moja inatoa miligramu 50 za nitrojeni, na hiyo yatosha mara moja kwa wiki wakati mizizi inakua. Lowesheni mizizi kwa maji matupu kwanza, kisha mbolea, na kila wiki ya nne mwagilieni maji matupu mengi kuondoa masalia. Ncha za mizizi zikiacha kukua, acheni mbolea. Mmea uliolala hauli, na chumvi inabaki pale pale kwenye mzizi.

Mwanga: laksi (kipimo cha nguvu ya mwanga) 10,000 hadi 15,000. Jua kali la adhuhuri ni karibu laksi 100,000, kwa hiyo neti ya kivuli ya asilimia 80 inabakiza laksi 20,000, ambazo bado ni nyingi. Tumieni neti nzito zaidi, au mtundike chini ya mti ulio ndani ya neti. Majani yakiwa laini, ya kijani nzito, na mashada hayatoki, mwanga haufiki. Yakiwa na umanjano au madoa ya wekundu wa kutu, umezidi. Joto la mchana liwe nyuzi 20 hadi 27, na usiku lishuke hadi 14 au 18. Ule mshuko wa usiku una kazi. Kwenye joto la pwani, ambako usiku haupoi, okidi hii inahema tu, na ningemshauri mtu wa huko achague Aerangis kirkii au A. hologlottis, ambazo pwani ndiyo kwao.

Hewa itembee. Feni ndogo ya kasi ya chini inatosha, majani yatikisike kwa shida. Kuhusu masanduku ya kioo yaliyofungwa pande zote, ambayo siku hizi yanapendwa sana, niseme wazi: bila feni ndani ni kaburi la okidi hii. Kuvumwani inastawi, inatambaa, inafunika mizizi, na mizizi inakosa kukauka.

Ukitunzwa hivi, mmea unaanza kusukuma mashada kutoka kwenye shina, chini ya majani. Hapa kuna jambo la kuangaliwa kwa lenzi, kwa kuwa shada changa na mzizi mchanga vinatokea mahali pamoja. Mzizi una ncha ya duara, laini, inayong'aa. Shada ni bapa kidogo na lina vigamba vidogo vilivyopandana, rangi yake imefifia. Mkishalitambua, msiugeuze tena mmea upande ule mwingine, maana shada litajipinda kutafuta mwelekeo na maua yatatazama huku na huku. Msikaushe mmea wakati huo. Siku chache za hewa kavu zinatosha kufanya vichipukizi vya maua kuwa njano na kudondoka, kuanzia nchani. Maua yakifunguka yanakaa wiki kadhaa. Baada ya maua, mmea uliochoka unapumzika kidogo: mwagilieni kwa nafasi zaidi, lakini unyevu wa hewa ubaki vilevile.

Nizungumzie magonjwa haraka. Majani yakilegea, msikimbilie maji. Mmea wenye kiu na mmea uliooza mizizi, yote miwili hulegea. Bonyezeni mzizi kwa vidole: mzima ni mgumu, uliooza unateleza na kubaki uzi wa katikati. Mwenye kiu anapewa maji, aliyeoza anaondolewa kuvumwani yote na kuwekwa kwenye unyevu wa hewa pasipo kuloweshwa sana. Moyo ukioza, kateni mpaka kwenye tishu nyeupe safi kwa wembe uliopitishwa kwenye moto, wekeni unga wa mdalasini kwenye kidonda tu, kwa sababu unakausha mizizi ukiigusa, na msimwagilie siku tatu. Kilele hakirudi, ila shina lenye mizizi mizima huweza kutoa chipukizi pembeni baada ya miezi. Vidugamba na vidung'ata hujificha kwenye kikunjo cha jani na shina. Wafuteni kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70, mrudie kila wiki mpaka wiki ya nne, kwa sababu mayai hayafi mara ya kwanza. Konokono wadogo wanakula ncha za mizizi usiku, na mkulima analaumu mbolea. Tokeni na tochi.

Siku kitawi kitaanza kuoza, msibandue mmea. Okidi hii haisamehi kusumbuliwa mizizi. Chukueni kitawi cha zamani kama kilivyo, mkifunge juu ya kipya kikubwa zaidi, mizizi mipya itavuka yenyewe.

Anayetaka mbegu anaweza kuchavusha kwa mkono. Inueni kifuniko cha chavua kwenye ncha ya nguzo kwa kijiti cha meno, vifurushi viwili vya chavua vitanata kwenye kijiti, mvipeleke kwenye shimo linalonata chini ya nguzo ya ua la mmea mwingine, usio mche wa mmea uleule. Acheni tunda moja, mawili mwisho, kwa mmea mdogo. Zaidi ya hapo unadhoofika. Tunda linachukua miezi kadhaa, na andikeni tarehe na wazazi wote wawili kwenye lebo siku hiyohiyo. Mbegu ni vumbi lisilo na akiba ya chakula. Msituni zinategemea kuvu ziote, kitaluni zinaoteshwa kwenye chupa safi yenye agari (jeli itokanayo na mwani) na sukari. Kutoka chupa hadi ua la kwanza tarajieni miaka 3 hadi 5.

Na sheria. Familia yote ya okidi imo kwenye viambatisho vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na hii iko Kiambatisho cha Pili, kwa hiyo mmea hauvuki mpaka bila kibali, hata kama ni mmoja ndani ya begi. Kuichukua msituni kunategemea sheria ya kila nchi, na kwenye hifadhi hakuna mjadala. Miche iliyooteshwa maabara na kusafirishwa ikiwa bado ndani ya chupa tasa iliyofungwa imesamehewa kibali cha CITES. Lakini nchi inayopokea inaweza kudai cheti cha afya ya mimea, au kuwa na masharti makali kuliko mkataba, kwa hiyo ulizeni ofisi ya ukaguzi wa mimea ya huko kabla ya kulipa.